Mlachi wa Siberia, mpaina au mninga: upi wa kupanda Tabora na Kigoma?

Desemba ikikaribia, picha za misonobari iliyolemewa na theluji huanza kuzunguka kwenye simu za watu, na nyuma ya picha hufuata swali: mbegu zake nitazipata wapi? Wauzaji wa mtandaoni wapo, pakiti zao zinavutia, na hoja ya mnunuzi huwa ni ileile. Mti unaosimama kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, kajua ka Tabora kataufanya nini?

Kataua. Wala si kwa ukali wa jua tu. Mti hauna ugumu wa jumla. Una ugumu wa kukabili shida iliyoulea, na ukiutoa kwenye shida hiyo, silaha zake zote zinabaki hazina kazi. Kwa hiyo nimeiweka miti hii ubavu kwa ubavu: ile ya ardhi iliyoganda huko kaskazini mwa dunia, hasa mlachi (larch), msonobari wa Siberia; mipaina ya nchi za joto ambayo tayari imepandwa sehemu nyingi za Tanzania, na mninga wetu. Msimamo wangu niuseme mapema. Mti wa kaskazini usiupande kabisa. Mpaina upande kwa masharti. Mninga ni mti wa mtu mwenye eneo na asiye na haraka. Sababu zake zinaanzia chini ya ardhi.

Yakutsk kando ya Tabora

Yakutsk ni mji wa Siberia mashariki, ndani ya Urusi. Wastani wa joto la Januari pale ni karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, na Julai hupanda hadi karibu nyuzi 20 juu yake, yaani asubuhi ya kawaida ya Juni kwa mtu wa Tabora. Chini ya mji udongo umeganda kama jiwe. Mwaka 1828 mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimbisha kisima akitafuta maji. Kufikia 1837 wachimbaji walikuwa wamepita mita 100 kwenda chini na bado walikuwa wanakata udongo ulioganda. Wataalamu huita ardhi kuwa imeganda kudumu ikikaa kwenye sifuri au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo, lakini sehemu kubwa ya Siberia imekaa hivyo kwa maelfu ya miaka. Kila kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu. Penye kuvumwani nene (mimea midogo inayotandika ardhi kama zulia) linaweza lisifike nusu mita, penye mchanga likapita mita moja na zaidi. Humo ndimo mizizi yote ya mti inamopaswa kuishi.

Sasa tazama mvua, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka. Yakutsk hupata takriban milimita 240 kwa mwaka, theluji ikiwa imehesabiwa humo. Tabora hupata takriban 900. Hata Dodoma, ambayo kila mtu anaiita kame, hupata zaidi ya maradufu ya Yakutsk. Kwa hesabu ya mvua peke yake pale palipaswa kuwa nyika tupu, na badala yake kuna msitu usiokwisha. Kinachouokoa ni barafu yenyewe. Theluji ikiyeyuka mwezi Mei, maji hayana pa kuzamia. Ardhi iliyoganda imeyakinga kama kitako cha ndoo. Kadiri kiangazi kinavyosonga, tabaka linaloyeyuka huongezeka kina na kuachia unyevu kidogo kidogo, palepale ilipo mizizi. Mlachi unaishi kwenye nchi kame kwa kunywa juu ya barafu.

Ndiyo maana mizizi yake imejifunza kwenda kando. Mzizi mkuu wa mche hukutana na baridi ya chini mapema, ukadumaa, na kazi ikachukuliwa na mizizi ya pembeni inayotambaa chini kidogo ya uso wa ardhi. Kuvumwani kukizidi unene na baridi kupanda juu, shina huota mizizi mipya sehemu ya juu zaidi na kuiacha ile ya zamani ndani ya barafu.

Ulete mti wa namna hiyo kwenye luseni, yaani udongo wa mchanga, ya Uyui au Sikonge mkoani Tabora. Mvua ya Machi inazama mchangani bila cha kuikinga, na ifikapo Agosti tabaka la juu ni vumbi. Mninga na mtundu, mti mwingine wa misitu ya Tabora, huvumilia hapo kwa sababu mizizi yao imefuata maji yalikokwenda. Mlachi ungebaki umetandaza mizizi kwenye vumbi, ukisubiri barafu iyeyuke.

Wanaopukutisha na wanaong'ang'ania

Wengi hudhani misonobari yote ni ya kijani mwaka mzima. Mlachi hauko hivyo. Mwezi Septemba sindano zake hugeuka manjano kama asali mbichi, zikaanguka, na mti ukasimama mtupu hadi mwisho wa Mei. Ukiuona Januari utasema umekufa, vilevile mgeni anayepita na treni kati ya Tabora na Kaliua mwezi Julai anavyoweza kuusema mninga.

Chanzo cha desturi hiyo, huku na kule, ni kimoja: maji. Maji yaliyoganda si maji kwa mti. Mizizi haiwezi kuvuta barafu, ilhali jua la Machi na upepo mkavu vinaendelea kukausha kila kilicho juu ya ardhi. Majira ya baridi ya Siberia, kwa upande wa mti, ni kiangazi. Mlachi unakata matumizi kwa kuangusha majani. Mninga unafanya hivyo hivyo kuanzia Juni. Miti miwili isiyo na undugu wa karibu, mmoja wa koni na mwingine wa jamii ya maharage, imefikia uamuzi mmoja kwa njia mbili.

Mfanano hauishii hapo. Anayeijua misitu ya Tabora anajua kwamba mtundu huchipua majani mekundu mwezi Septemba, joto likiwa kali na mvua bado haijatia mguu. Mti unatumia maji uliyoweka ndani ya shina na yale yanayofikiwa na mizizi ya chini, ili mvua ya Novemba ikute majani yameshakomaa. Mlachi nao hufungua sindano zake mwishoni mwa Mei, wakati sehemu iliyoyeyuka ni ndogo mno na chini yake bado ni barafu tupu. Majira ya kukua pale ni siku zisizozidi mia na kidogo, na mti ukichelewa wiki mbili umepoteza sehemu kubwa ya mwaka wake.

Spurusi nyeusi, mti wa Alaska na Canada unaoota kwenye ardhi ya aina hiyohiyo, uliamua vingine. Unang'ang'ania sindano zake kwa miaka kadhaa. Kuna sababu ya uchumi hapo: udongo wa baridi huozesha taka polepole sana, kwa hiyo naitrojeni ni adimu, na kutengeneza majani mapya kila mwaka ni gharama. Sindano ni fupi, zimepakwa nta nene, na matundu ya kupumulia yamezama ndani na kufungwa wakati wa baridi. Lakini jani linalobaki kijani kwenye baridi lina tatizo jingine ambalo sisi huku hatulifikirii. Jua la mwisho wa majira ya baridi ni kali, linarudishwa na theluji, na jani lililoganda haliwezi kulitumia. Nguvu hiyo ya mwanga isipopata pa kwenda inaharibu jani. Spurusi na misonobari mingine hubadilisha rangi fulani za ndani ya jani ili mwanga ugeuzwe kuwa joto na kuachiliwa, na hukaa katika hali hiyo kwa miezi.

Kati ya wapukutishaji na wang'ang'anizi, nani kashinda? Inategemea mahali. Alaska na Canada zimetawaliwa na spurusi. Siberia mashariki, penye baridi kali kuliko zote na hewa kavu, mlachi umewasukuma wengine pembeni. Msitu wa Ary-Mas kwenye rasi ya Taimyr, uliopita latitudo ya 72 kaskazini, ni wa milachi. Katika Siberia mashariki hiyohiyo Pinus pumila, msonobari mfupi wa Siberia, hauthubutu hata kusimama: baridi ikianza matawi yake hulala chini na kufunikwa na theluji, kisha huinuka tena majira ya joto.

Ugumu usio na kazi Tabora

Kuhusu baridi yenyewe nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayowavutia watu. Mti wa kaskazini haupambani na barafu. Unaichagulia mahali pa kuganda. Kabla ya baridi, chembe hai hujijaza sukari na kusukuma maji nje, yakaenda kuganda kwenye nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Kinachobaki ndani ni kizito mno hata hakigandi kwa namna ya kupasua. Matawi ya baadhi ya misonobari ya kaskazini, yakiwa yameandaliwa taratibu, yameshatumbukizwa maabara kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na yakatoka hai. Oymyakon, kijiji cha Siberia ambako mwaka 1933 ilipimwa nyuzi 67.7 chini ya sifuri, kimezungukwa na milachi.

Kwa hiyo kinachouzuia msitu kwenda kaskazini zaidi si ukali wa Januari, ni udogo wa Julai. Mahali ambapo wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote haufiki nyuzi 10 au karibu na hapo, miti hukoma na tundra huanza. Usiku wa Julai Tabora unashuka hadi nyuzi kumi na kitu. Uwezo huo wote wa kustahimili barafu hautaitwa kazini hata siku moja.

Saa 12 za mchana

Hili ndilo linaloua mradi wa pakiti za mtandaoni, na sijawahi kuona muuzaji akiliandika kwenye pakiti.

Mti wa kaskazini hausubiri kuhisi baridi ndipo ujiandae, ukisubiri umechelewa. Unasoma urefu wa mchana. Yakutsk mwezi Juni ina mwanga wa jua karibu saa 20 kwa siku. Mchana ukianza kufupika, mti unaacha kurefuka, unafunga tumba la ncha na kuanza maandalizi, hata kama siku yenyewe bado ina joto. Mchana wa saa 12 kwa mti wa huko ni habari ya mwisho wa Septemba: theluji iko mlangoni.

Sasa Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni kama nusu saa. Mche wa mlachi utakaoota hapa utatazama mchana wetu na kusoma Septemba. Kesho Septemba. Keshokutwa Septemba. Utafunga tumba ukiwa na urefu wa kiganja, kisha utasubiri baridi ndefu ambayo ndiyo ufunguo wa kulifungua tena. Baridi haiji. Vitalu vya Canada na nchi za Skandinavia, ambako mbegu za kaskazini huoteshwa ndani ya nyumba za vioo, huwasha taa usiku ili kuidanganya miche iendelee kukua. Sioni mtu wa Ipuli, hapa Tabora, akilipia umeme kwa ajili hiyo.

Hata hivyo mbegu zitaota. Ukiziweka kwenye friji na unyevu kidogo kwa wiki kadhaa, kama pakiti inavyoagiza, kisha ukazipanda, nyingi zitachomoza na kijani kizuri. Hapo ndipo watu wanapopotea: wanapiga picha, wanawaambia jirani, na jirani naye anaagiza pakiti.

Polepole ya namna mbili

Spurusi nyeusi iliyosimama juu ya barafu inaweza kuwa na miaka 100 na shina lake likawa na unene wa mkono wa mtu mzima. Pete zake za mwaka ni nyembamba hata inabidi kutumia lenzi kuzihesabu. Mlachi ni afadhali kidogo, na uzee wake ni wa ajabu; kuna milachi ya Yakutia, jimbo lenye mji wa Yakutsk, yenye miaka mamia kadhaa. Ubao wake ni mzito, umejaa utomvu, haupendi kuoza.

Mninga nao una sifa ya uvivu, lakini uvivu wake ni wa aina nyingine. Mche wa mninga huchipua wakati wa mvua, kiangazi kikafika, kichipukizi kikafa hadi chini. Mwaka unaofuata vilevile. Anayetazama juu anaona mti unaokufa kila mwaka, kumbe chini mzizi unanenepa na kujaza akiba. Hali hiyo inaweza kudumu miaka hata 10, ndipo siku moja unatoa kichipukizi kinachopanda moja kwa moja na kupita urefu wa moto wa nyasi. Kutoka hapo hadi ubao wa kutengeneza mlango ni miongo mingi tena. Anayepanda mninga leo anampandia mjukuu, na mimi sioni ubaya wa jambo hilo, ila asiambiwe vinginevyo na mtu anayemuuzia miche.

Mpaina hauna subira ya namna hiyo. *Pinus caribaea*, mti wa Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na *Pinus patula* wa milima ya Mexico, ikipata mahali pake hutoa mbao za kuezekea ndani ya miaka 18 hadi 25. Ni jamaa wa karibu wa misonobari ya Siberia, sindano zao zinafanana, koni zinafanana, na bado haina haja ya baridi wala ya mchana wa saa 20. Vizazi vyake vilikulia nchi za joto. Mtu anayetaka sura ya msonobari bila mateso ya msonobari wa barafu, huyu ndiye wa kumtazama.

Ubao wake ni mlaini, na mchwa wa Tabora anaupenda kuliko sisi tunavyoupenda. Mbao za paina za mbili kwa nne zisizotiwa dawa, ukiziweka kwenye kenchi, umeandaa karamu. Mninga haukuhitaji dawa enzi za babu na hauhitaji sasa, nao haupindi wala kujikunja ukikauka, ndiyo maana mafundi wa vitanda bado wanaulilia.

Moto

Spurusi nyeusi unautumia moto. Koni zake hukaa kileleni miaka na miaka zimezibwa kwa utomvu; moto ukipita, utomvu unayeyuka, mbegu zinamwagika kwenye majivu. Mlachi mkubwa una gamba nene, lakini mizizi yake ya juu-juu huungua hata kwa moto wa chini. Na moto au shoka likiondoa kivuli na kuvumwani, jua linaifikia ardhi iliyoganda na kuanza kuiyeyusha kwa kina. Miti iliyobaki hulala ovyo huku na kule kwa sababu ardhi imelegea chini yake. Mfano mkubwa kuliko yote ni bonde la Batagaika huko Yakutia: lilianza baada ya msitu kukatwa katika miaka ya 1960, ardhi ikaanza kuyeyuka na kudidimia, na leo shimo hilo lina urefu wa takriban kilomita moja. Msitu ulikuwa unakunywa juu ya barafu, na barafu ilikuwa inajificha chini ya msitu.

Kwa Tabora swali ni jepesi zaidi: moto wa Septemba utafika shambani kwako au hautafika? Ukifika, mpaina mchanga umekwisha. Sindano zilizoanguka chini ni kavu, zina utomvu, zinawaka kwa pupa. Mninga mkubwa utabaki umesimama na gamba lake kama gome la mamba, na mche wake utakufa juu na kurudi kutoka mzizini. Ila mche unaounguzwa kila mwaka hautoki chini, hivyo hata kwa mninga, kuzuia moto wa mwisho wa kiangazi ni nusu ya kazi.

Uyoga

Mlachi, spurusi, mpaina na mtundu wote wana mshirika mmoja: uyoga unaovisha ncha za mizizi na kuwaletea maji na madini kwa malipo ya sukari. Uyoga unaouzwa pembezoni mwa barabara za Tabora mvua zikianza ni matunda ya ushirika huo wa miombo. Lakini uyoga wa mtundu si wa mpaina. Mipaina ya kwanza iliyopandwa sehemu nyingi za Afrika ilidumaa na kuwa manjano mpaka watu walipoleta udongo kutoka chini ya mipaina mingine, wenye uyoga wake. Ukinunua miche ya paina, hakikisha kitalu kinachanganya udongo wa aina hiyo. Wasipojua unazungumzia nini, hapo pana dalili mbaya. Mninga wenyewe hauna shida hiyo. Kama jamaa zake wa maharage, una vinundu vya naitrojeni mizizini.

Basi upande upi?

Kwa kivuli cha uani mjini Tabora, achana na misonobari yote. Panda mwembe. Njia ya zamani ya misafara kutoka hapa hadi Ujiji bado inajulikana kwa miembe yake, na hakuna mti wa barafu utakaokupa kivuli cha namna ile pamoja na embe juu.

Kwa mti wa Krismasi wa kudumu, mvinje unatosha. Ujue tu kwamba si msonobari. Vinavyoonekana kama sindano ni vijitawi vyembamba vya kijani, na mti wenyewe huchanua maua. Hakuna mtoto atakayelalamika. Anayetaka koni ya kweli apande msaipresi, na aumwagilie miaka ya mwanzo. Mtarakwa, ambao ni msonobari wetu wa asili na ndio pekee katika jenasi yake ya *Juniperus* unaoota kiasili hadi kusini ya ikweta, ni mti wa milima kama Meru na Usambara. Kwenye tambarare ya Tabora hautafurahi.

Kwa mbao za biashara, hapa Kigoma na Tabora zinaachana njia. *Pinus patula*, ule uliolijaza shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi, unataka mwinuko na ubaridi wa milima. Vilima vya Buhigwe na sehemu za juu za Kasulu, penye mvua nyingi kuliko Tabora na jua lililopoa kidogo, vinaweza kuujaribu. Mjini Kigoma, mita 775 kando ya ziwa, sahau. Huko mchikichi unajua kazi yake. Kwa Tabora, kama lazima iwe paina, iwe *Pinus caribaea*, ambao umezoea nyanda za chini zenye joto na unavumilia kiangazi cha miezi kadhaa. Shamba la miti la Buhindi, Sengerema, ni la kwenda kuutazama kabla hujaamua. Lakini kule Ziwa Victoria liko jirani na mvua ni nzuri zaidi. Kwenye milimita 900 na miezi sita mikavu, usitarajie kasi ileile. Nzega na Igunga, ambako mvua ni haba zaidi, mimi nisingeupanda.

Mkulima wa tumbaku anayehitaji kuni za bani, banda la kukaushia tumbaku, asiguse mpaina wala mninga. Mpaina ukikatwa haurudi kutoka kisikini, lazima upande upya kila mara, na kuchoma mninga kwenye bani ni hasara ambayo sina neno la kuielezea kwa upole. *Acacia crassicarpa*, mti wa Australia na Papua New Guinea uliofanyiwa majaribio kwenye kituo cha utafiti cha Tumbi, Tabora, hukua haraka kwenye mchanga wetu, huongeza naitrojeni na huvunwa kwa kuni ndani ya miaka michache, huku miaka ya mwanzo ukipandwa mahindi katikati.

Mfugaji wa nyuki naye asidanganyike. Misonobari huchavushwa na upepo, haina nekta. Ulaya nyuki hutengeneza asali ya misonobari kutokana na utamu unaoachwa na vidukari wanaofyonza matawi, lakini huo ni mpango wa huko. Asali ya Tabora inatoka kwenye miombo, na hekta ya mipaina iliyochukua nafasi ya mitundu ni hekta iliyotolewa kwenye mizinga.

Na mninga? Kama una eneo, usihangaike sana na kitalu. Ganda lake gumu lenye miiba linakawia kufunguka, na miche inayokufa juu kila mwaka inawakatisha tamaa wenye vitalu. Tembea shambani mwanzo wa mvua, tafuta vichipukizi vya mninga vilivyoanza vyenyewe, viwekee alama, palilia kuvizunguka ili nyasi zisibebe moto, na uwazuie ng'ombe. Mzizi ulio chini unaweza kuwa na miaka mingi kuliko shamba lako. Umeshafanya nusu ya kazi. Kuvuna mbao siku zikifika kunahitaji kibali, hata ukiwa umeulea mwenyewe, hivyo mapema mjulishe ofisa misitu wa wilaya kwamba miti hiyo iko na ni ya nani.

Anayeamua kupanda paina msimu ujao aanze kuzungumza na kitalu mwezi Juni au Julai, ili mche uwe na urefu wa shibiri moja Desemba, ardhi ikiwa imelowa vya kutosha chini na si vumbi lililonyeshewa juu. Amuulize muuzaji jina kamili la aina anayouza. Akijibiwa kwamba paina ni paina tu, aende kitalu kingine.